John Punch, ukoo wa Bunch na mama yake Obama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwaka 2012 ilipotoka habari kwamba Barack Obama, rais wa Marekani wakati huo, huenda ni mzao wa John Punch, Mwafrika aliyefanywa mtumwa Virginia karne ya 17, kijiwe chetu cha kahawa hakikukalika. Mzee mmoja alishikilia kwamba magazeti yamekosea: kama Obama ana babu mtumwa, basi lazima awe upande wa baba, maana huko ndiko kwenye weusi. Akaambiwa upande wa baba ni Kogelo, Siaya, na huko hakuna aliyepelekwa Marekani kwa pingu. Baba mtu alikwenda mwenyewe mwaka 1959 kusoma Hawaii. Mtumwa yuko upande wa mama, yule mzungu wa Kansas. Mzee akaweka kikombe chini, akasema, "Haya, nieleze polepole."

Huku ndiko kueleza polepole. Nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi, na pale ambapo ushahidi unachechemea nimesema unachechemea.

John Punch ni nani?

Ni Mwafrika aliyekuwa akitumika katika koloni la Waingereza la Virginia, kwa bwana mmoja mwenye mashamba aliyeitwa Hugh Gwyn. Mwaka 1640 alitoroka pamoja na watumishi wenzake wawili, mmoja aitwaye Victor na mwingine James Gregory, Mskoti. Walivuka hadi koloni jirani la Maryland, wakakamatwa, wakarudishwa. Tarehe 9 Julai 1640 mahakama kuu ya koloni ikatoa hukumu.

Hapo ndipo tunapomwona na hapo ndipo tunapompoteza. Umri wake hatuna, mke hatuna, kaburi hatuna. Mistari michache ya karani, basi.

Hukumu yenyewe inasemaje?

Wote watatu wachapwe viboko 30 kila mmoja. Victor na Gregory waongezewe mwaka mmoja kwa bwana wao juu ya muda wa mikataba yao, kisha miaka mitatu mingine walitumikie koloni. Jumla minne, halafu waende zao. Kwa wa tatu, karani aliandika kwa maana hii: akiwa mweusi aitwaye John Punch, atamtumikia bwana wake huyo, au watakaochukua nafasi yake, kwa muda wote wa uhai wake, hapa au kwingineko.

Yasome tena hayo maneno matatu ya mwisho, "hapa au kwingineko". Bwana akihama, Punch anahama naye. Bwana akimtoa kwa mtu mwingine katika koloni jingine, hukumu inamfuata. Watu wengi wanaosimulia kisa hiki husimama kwenye "uhai wake wote". Mimi naona uzito mwingine uko kwenye "kwingineko", kwa sababu mtafuta nasaba akisoma hapo anajua kwamba hata mahali pa kumtafutia hapajulikani.

Angalia pia jinsi watatu hao walivyotajwa. Gregory anatajwa kwa taifa lake, Victor kwa taifa lake, Punch kwa rangi yake. Kosa lilikuwa moja, safari ilikuwa moja, na hakuna sababu nyingine iliyoandikwa ya kutofautisha adhabu.

Victor alikuwa Mdachi au Mholanzi?

Swali zuri, na linachekesha zaidi kwa Kiswahili. Sisi tukisema Mdachi tunamaanisha Mjerumani, na neno hilo lina undugu na lile ambalo karani wa Virginia alimwandikia Victor, "Dutchman". Kwa Waingereza wa karne ya 17 neno hilo liliweza kumbeba Mholanzi na Mjerumani pia. Wengi leo humwita Mholanzi. Sina ugomvi nao, ila kwenye daftari langu nimeandika Mdachi, nikaacha mkanganyiko ubaki kama alivyouacha karani.

Basi Punch ndiye mtumwa wa kwanza wa Marekani?

Utaona wengi wakimwita hivyo. Kilicho sahihi zaidi ni kwamba hukumu yake ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za Virginia zinazoonyesha mtu akifungwa kutumika maisha kwa amri ya mahakama, na wenzake weupe wakiachwa. Siku chache baadaye, Julai hiyo hiyo ya 1640, mahakama iliwahukumu watoro wengine, na mweusi mmoja kati yao, Emanuel, alipigwa viboko 30, akachomwa herufi R shavuni na kufungwa minyororo. Lakini hakuongezewa muda wa utumishi hata siku moja. Wapo wanahistoria wanaosoma hapo kwamba hakukuwa na cha kuongeza, kwa kuwa alishachukuliwa kuwa wa maisha. Wakiwa sahihi, Punch si wa kwanza.

Lugha yetu inasaidia hapa. Mtumishi na mtumwa ni watoto wa kitenzi kimoja, kutuma. Virginia ya 1640 ilikuwa bado iko katikati ya maneno hayo mawili.

Alitoka wapi Afrika? Na kwa nini aitwe mhamiaji wakati alibebwa?

Kwenye vitabu vya nasaba za Kimarekani "mhamiaji" ni jina la kazi tu: mtu wa kwanza wa ukoo kukanyaga upande ule wa bahari. Halisemi alipanda meli kwa hiari. Mimi natumia "babu wa kwanza" nikiweza.

Alikotoka hakukuandikwa. Tunachoweza kufanya ni kuangalia waliotangulia. Mwishoni mwa Agosti 1619 meli ya White Lion ilitia nanga Point Comfort, Virginia, ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, ndivyo alivyoandika John Rolfe, mlowezi wa Virginia. Walikuwa wameporwa kutoka meli ya Kireno iliyotoka Luanda ikielekea Veracruz. Wengi wa watu wa meli ile walikuwa mateka wa vita vya Ndongo, nchi iliyo katika Angola ya leo, na lugha yao ilikuwa Kimbundu. Kimbundu ni ndugu yetu wa Kibantu: mtu kwao ni *mutu*. Siku niliyolijua hilo niliacha kusoma nikatoka nje kidogo.

Punch anaweza kuwa alitoka huko. Anaweza pia kuwa alipitia kisiwa cha Waingereza kama Barbados. Kusema "alikuwa Mwangola" kwa sababu wa 1619 walikuwa Waangola ni kuruka mto bila kupima kina.

Virginia ilikuwa na Waafrika wangapi wakati huo?

Wachache mno, na hili lina uzito katika hoja nzima. Hesabu ya 1620 ilikuta 32. Ya 1625 ilikuta 23. Maelezo yaliyochapishwa London mwaka 1649 yanakadiria 300, kando ya Waingereza 15,000. Ukimtafuta mwanamume Mwafrika wa miaka ya 1630 aliyezaa ukoo fulani, hutafuti sindano kwenye bahari. Unatafuta sindano kwenye ungo.

John Bunch ndiye nani tena?

Ndiye upande wa pili wa daraja tunalotaka kulijenga kutoka kwa Punch. John Bunch anaonekana mwaka 1662 akipewa hati ya ardhi ya ekari 450 katika wilaya ya New Kent, Virginia. Huyu ni mtu huru, mwenye shamba, na nasaba ya Bunch inafuatika kwa karatasi kuanzia kwake kuja chini: wana, wajukuu, vitukuu, vilembwe.

Fanya hesabu ndogo hapo. Mtu aliyepata ardhi kwa jina lake mwaka 1662 kwa kawaida alikuwa ametimiza miaka 21. Basi alizaliwa mwaka 1641 au kabla. Kama kweli baba yake ni John Punch, inaelekea mtoto alizaliwa karibu na ule mwaka wa kutoroka, au alikuwa tayari anatambaa baba yake alipovuka kwenda Maryland. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Ila ukishaona tarehe hizo mbili zikikaribiana ni vigumu kuacha kujiuliza alitoroka akimwacha nani.

Kuna karatasi inayosema John Bunch ni mwana wa John Punch?

Hakuna.

Sasa imekuwaje watu wakawaunganisha?

Kwa kukusanya dalili hadi zikawa mzigo. Mwaka 2012 watafiti wa Ancestry, kampuni ya kutafuta nasaba, walitoa ripoti yao, na hoja zake unaweza kuzipanga hivi.

Kwanza jina. Tahajia ya Kiingereza ilikuwa haijatulia. Karani aliandika alichosikia. P na B hutamkwa kwa midomo ile ile. Kwa sisi hili si geni: babu yangu mzaa baba ana karatasi tatu na majina matatu. Stakabadhi ya kodi inasema Hamis, kadi ya ushirika inasema Khamisi, hati ya shamba inasema Amisi. Ofisi moja (sitaitaja) ilituambia tukaape kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Tuliapa. Huko Virginia hakuna aliyebaki wa kuapa kwa niaba ya Punch.

Pili mahali. Wote wawili wako Virginia, katika nchi ya mito inayoingia ghuba ya Chesapeake, na kati yao kuna kama miaka ishirini tu.

Tatu rangi. Mwaka 1705 John Bunch mwingine, wa kizazi cha chini, alitaka kumwoa Sarah Slayden, mwanamke mweupe. Mchungaji wa parokia ya Blisland akakataa kuwafungisha kwa sababu Bunch ni chotara, na sheria ya 1691 ilikataza ndoa ya mweupe na mweusi, chotara au Mhindi wa Marekani. Wapenzi hao wakapeleka malalamiko kwa Baraza la Virginia. Baraza likamtupia swali mwanasheria mkuu: chotara ni nani hasa? Mtoto wa mweusi na mweupe yuko wazi. Je, mtoto wa huyo mtoto? Mwaka huo huo bunge la koloni likaandika maana yake kwenye sheria: mtoto, mjukuu au kitukuu wa mweusi. Ninavyoona mimi, hii ndiyo karatasi tamu kuliko zote za ukoo huu. Watu wawili wanataka kuoana, na serikali inalazimika kuhesabu vizazi kwa vidole.

Nne DNA, ambayo ina swali lake hapa chini.

DNA imeonyesha nini?

Kromosomu Y hupokezanwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, karibu bila kubadilika. Wanaume wa leo wa ukoo wa Bunch, tena baadhi yao wakijihesabu weupe watupu, walipimwa, na Y yao ikakutwa ni ya kundi lenye chimbuko Afrika kusini mwa Sahara. Maana yake, ukipanda ngazi ya baba, baba wa baba, baba wa babu, mwisho unakutana na mwanamume Mwafrika. Hilo halina ubishi mkubwa.

Lililo na ubishi ni jina lake. Kipimo kinasema "Mwafrika", hakisemi "John Punch". Na tusisahau kwamba hakuna ukoo mwingine unaojulikana kwa hakika kuwa wa Punch ambao ungetumika kulinganishia.

Magazeti mengine yalitaja Kameruni. Nenda taratibu. Makundi ya Y ya Afrika Magharibi na ya Kati yalisambaa pamoja na wasemaji wa Kibantu hadi huku kwetu. Jirani yako wa Morogoro anaweza kuwa na kundi hilo hilo na asiwe na shangazi hata mmoja Douala.

Mtoto wa mtumwa aliwezaje kuwa huru na kumiliki ekari 450?

Jibu liko kwa mama. Dalili zinaelekea kwamba mama alikuwa mwanamke huru, huenda Mwingereza, huenda naye aliwahi kuwa mtumishi wa mkataba shambani kule kule. Watumishi weupe na weusi walikula chungu kimoja na kulala banda moja, watoto walipatikana.

Watu husema haraka, "kwa sheria mtoto alifuata hali ya mama." Ni kweli, lakini sheria hiyo Virginia iliiandika Desemba 1662, John Bunch akiwa tayari mtu mzima. Kabla ya hapo mambo yalikuwa hayajanyooka. Elizabeth Key, aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba Mwingereza, alikwenda mahakamani kudai uhuru wake na mwaka 1656 akaupata, mojawapo ya hoja zake ikiwa kwamba baba yake ni Mwingereza huru. Baada ya kesi kama hiyo walioketi bungeni walifunga mlango: tangu sasa tutaangalia tumbo, si mbegu. John Bunch alizaliwa kabla mlango haujafungwa.

Kumbukumbu zilikwenda wapi? Waingereza si huandika kila kitu?

Waliandika. Halafu zikaungua. Ofisi ya karani wa mahakama ya New Kent iliteketea mwaka 1787, moto wa kutiwa kwa makusudi, na aliyeutia akanyongwa. Majalada mengi ya mahakama kuu ya koloni yalikuwa Richmond, na Aprili 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiisha, Richmond ikawaka. Maneno ya hukumu ya Punch tunayo kwa sababu kuna watu waliyanakili kabla ya moto.

Wachunguzi wa nasaba wa Virginia wana orodha wanayoiita kwa lugha yao "wilaya zilizoungua", na New Kent imo. Ukifika huko unajifunza kuishi na makombo: hati za ardhi za koloni, ambazo zilisalimika na sasa zinasomeka mtandaoni katika maktaba ya jimbo, yaani Library of Virginia; na vitabu vya kanisa, kama vile vya parokia ya St. Peter's iliyoko New Kent, vinavyoanzia miaka ya 1680.

Kwenye hati za ardhi kuna orodha za majina ya watu "walioletwa". Hiyo si tarehe ya kuwasili?

Hapana, na hapa wengi huteleza. Utaratibu ulioanza 1618 ulimpa ekari 50 yeyote aliyelipa nauli ya mtu kuja Virginia. Haki hiyo iliuzika na kukopesheka kama stakabadhi ya mazao. Mtu angeweza kuletwa mwaka 1640, jina lake likatumika kudai shamba mwaka 1655, na aliyelitumia akawa hajawahi kumtia machoni. Jina kwenye orodha linakuambia mtu huyo alifika *kabla* ya tarehe ya hati. Basi.

Mbona tarehe moja huandikwa miaka miwili, mfano Machi 1662/3?

Kwa sababu Waingereza hadi 1752 waliufungua mwaka tarehe 25 Machi. Siku ya 18 Machi ambayo kwao bado ni 1662, kwetu ni 1663. Anayejua saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu hawezi kusumbuka hapa: ni siku ile ile, kinachobadilika ni mahali unapoanzia kuhesabu. Lakini usipoandika umetumia ipi utajikuta na mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa. Nimewahi kumpata mmoja, kwenye ukoo mwingine, na nilipoteza wiki nzima nikimtafutia pacha.

Kutoka John Bunch hadi Obama ni njia gani?

Ukoo uligawanyika. Tawi moja lilielekea Carolina Kaskazini na Kusini, ambako wengi waliandikwa kama watu huru wa rangi, yaani si weupe wala si watumwa. Tawi jingine lilibaki Virginia, likaoana na weupe kizazi baada ya kizazi hadi likahesabiwa weupe, kisha likasogea magharibi. Katika tawi hilo yumo Nathaniel Bunch, na binti yake Anna Bunch aliyeolewa na Samuel Allred. Hapo jina la Bunch linapotea, maana kuanzia Anna njia inapita kwa wanawake watupu: binti yake Frances Allred, kisha Margaret Wright, kisha Leona McCurry, kisha Madelyn Payne aliyezaliwa Kansas mwaka 1922, kisha Stanley Ann Dunham, mama yake Obama.

Kutoka Punch hadi Obama ni zaidi ya vizazi kumi. Kiswahili kina mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Baada ya hapo tunaishiwa maneno, tunabaki kusema "wa mbali".

Sehemu hii ya chini, kutoka John Bunch hadi Ann Dunham, kwa sehemu kubwa imesimama kwa karatasi. Ugumu mkubwa uko kwenye daraja moja la juu.

Obama mwenyewe akipima DNA si tutajua?

Hapana. Kromosomu Y ya Obama imetoka Kogelo, kwa Hussein Onyango na waliomtangulia. Haihusiani na Bunch hata chembe. Na vinasaba vya kawaida hupungua nusu kila kizazi. Ukirudi nyuma vizazi kumi una wazee 1,024, na si wote waliokuachia kitu mwilini. Unaweza kuwa mzao halali wa mtu wa zamani hivyo na usiwe na punje ya vinasaba vyake. Zaidi ya hayo, upande wa baba yake umejaa Afrika. Chembe ya Punch ungeitofautishaje?

Kwa hiyo kazi inafanywa kwa wanaume wa Bunch, binamu wa mbali.

Nasikia Ralph Bunche naye ni wa humo. Kweli?

Ralph Bunche, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 1950, amehusishwa na tawi la Carolina, na jina lake lenye "e" mwishoni halizuii kitu. Ni dhana yenye mashiko, haijafika kuwa hakika. Nampenda kwa sababu nyingine: mwaka 1937 akiwa London alijifunza Kiswahili, na mwalimu wake alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata alikuja Kenya, akakaa na Wakikuyu akifanya utafiti. Kama dhana ni kweli, basi ukoo wa Bunch uligonga hodi Kenya miaka zaidi ya ishirini kabla mwana wa Siaya hajakutana na binti wa Kansas huko Hawaii.

Wanaopinga wanasema nini?

Hoja yao kali kuliko zote ni hii. Bunch ni jina la Kiingereza lililokuwepo tayari. Mwanamke wa Kiingereza aitwaye Bunch angeweza kuzaa na Mwafrika yeyote bila ndoa, na mtoto wa nje ya ndoa alichukua jina la mama. Hapo Y inakuwa ya Afrika, jina linakuwa la Uingereza, na John Punch hayumo kabisa. Kila dalili niliyoitaja juu inakubali maelezo haya isipokuwa ile ya kufanana kwa majina.

Wanaounga mkono hujibu kwamba Waafrika walikuwa wachache mno, na kwamba Punch ndiye pekee anayejulikana katika kumbukumbu za wakati ule akiwa na jina linalokaribia hilo. Nao wana haki. Ila "anayejulikana" ni neno la kuangaliwa katika nchi ambayo masijala yake yaliungua.

Ukiniuliza mimi, naegemea kwa Punch. Ningeweka sita kwa kumi. Ripoti yenyewe ya 2012 haikudai hakika, ilisema ushahidi unaelekea huko. Waliobeba "huenda" wakaigeuza "ni" walikuwa waandishi wa vichwa vya habari.

Kuna kitu kinaweza kumaliza ubishi?

Kupata kesi ya madai, wosia au orodha ya kodi iliyonakiliwa mahali pengine kabla ya moto, inayowataja wawili hao pamoja. Karatasi za familia za wenye mashamba bado hujitokeza kwenye masanduku ya watu. Tangu 1643 Virginia ilitoza kodi ya kichwa kwa wanawake Waafrika wanaofanya kazi lakini si kwa wake wa Kiingereza, kwa hiyo hata orodha kavu ya kodi inaweza kufichua mke alikuwa nani. Hesabu ya vichwa ikizidi wanaume waliotajwa, hapo huenda kuna mwanamke mweusi ndani ya nyumba.

Natafuta babu wangu wa zama hizo. Nianzie wapi?

Anza na wewe. Najua inachosha kusikia. Watu huchukua jina kubwa la juu, wakalivuta chini hadi liwafikie, na likiwafikia wanasherehekea. Panda ngazi kutoka chini: cheti chako, cha mama, cha bibi. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch ni bure na ina picha za nyaraka zenyewe. Soma picha, usiridhike na jina lililochapwa pembeni na mtu aliyekuwa na haraka. Miti ya ukoo iliyowekwa na watu wengine ichukue kama maneno ya kijiweni: yana faida ya kukuonyesha pa kuuliza. Miti 40 yenye jambo moja mara nyingi ni mti mmoja ulionakiliwa mara 39.

Kwenye chati yangu niandike nini kati ya Punch na Bunch?

Chora mstari wa nukta. Juu yake andika "huenda", weka tarehe ya leo na sababu zako kwa maneno machache: jina, mahali, 1705, Y. Tumia penseli. Yule mzee wa kijiweni nilimchorea hivyo hivyo nyuma ya karatasi ya sukari, na kila aliyekuja akamwonyesha, kidole kikiwa kwenye zile nukta: "Hapa ndipo hawajui."